Wakuu, nimpangishe kiwanja jamaa wa karasha? Naombeni ushauri

Kijana_Nyarugusu: Habari za mchana wakuu. Nina kiwanja nyuma ya nyumba huku Nyarugusu, Geita, kuna jamaa anataka aweke karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mwalo wa kuoshea huo mchanga, laki tatu kwa mwezi. Bei ni sawa? Na marudio, ule mchanga unaobaki baada ya kuosha, yanakuwa ya nani? Kichwa kinaniuma.

Ngosha_wa_Duara: Ndogo hiyo. Marudio ndo mali mkuu, zebaki wanayonasia dhahabu inaacha nyingi kwenye mchanga, watu wa plenti, mitambo ya kuchenjulia, wanakuja kununua wakaloweke na sayanaidi. Andikishaneni yabaki yako. Mimi niliyaacha bure, aliyeyabeba saa hizi ana ghorofa Katoro.

Mama Kulwa: Zebaki iliyonasa dhahabu wanaichomea wapi ili ibaki dhahabu tupu?

Kijana_Nyarugusu: Hilo lake, mimi nauliza bei.

Mama Kulwa: Umeniruka. Wapi?

Kijana_Nyarugusu: Jikoni kwetu. Jamaa anaogopa akichomea mwaloni ataibiwa, kwa hiyo mke wangu ndo anachoma na analipwa pembeni. Mlango anafungua, moshi unatoka. Ana mimba ya miezi mitano ila hajalalamika chochote. Na advansi nishachukua, nimeezekea bati.

Mama Kulwa: Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki baba, unapita kwa mama mpaka kwenye ubongo wa mtoto, na mwingine unabaki ukutani na kwenye sufuria mnazopikia. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki ambao Tanzania iliridhia 2020, umetaja kabisa kuchomea kwenye makazi ya watu kuwa ni kitu cha kukomeshwa.

Mtumishi_255: Mali ya haraka haina baraka. Rudini kwa Mungu.

Babu_Sesa: Ngojeni kwanza. Mwezi jana huyu si alifungua uzi anatafuta mchumba? Leo mke ana mimba ya miezi mitano. Chai hii, leteni maandazi 😂

Kijana_Nyarugusu: Ule nilimwandikia mdogo wangu, hana simu. Siwezi kutungia mimba ya mke wangu.

Mchenjuaji: Chai au sio chai, huku majumbani wanachoma kila siku. Tafuta ritoti, chombo cha kuchomea kilichofungwa, mafundi wa kuchomelea wanatengeneza, mvuke unanaswa na zebaki unaitumia tena.

Kijana_Nyarugusu: Nilimwambia, hataki, anasema ritoti inachelewa na anataka aione dhahabu yake ikiiva.

Mama Kulwa: Basi aichome mwenyewe, kwake. Wewe kesho mpeleke mkeo kliniki na uwaambie wazi kwamba anachoma zebaki, wasipoambiwa hawatajua wapime nini.