Naomba ushauri: rekoda ya rili Revox A77 kwenye ukuta wa mkahawa, niiweke vipi ipendeze?

BintiChumbageni
Habari za muda huu, wana jukwaa. Ninafungua mkahawa mdogo hapa Tanga, na kwenye ukuta unaomkabili mteja anapoingia ninataka kiwepo kitu kimoja tu cha kutazamwa, bila picha wala maua ya plastiki. Ninayo rekoda ya zamani ya rili, Revox A77, kazi ya kampuni ya Willi Studer wa Uswisi, aina iliyoingia sokoni mwaka 1967. Uso wake ni wa kijivu na fedha, una mita mbili zenye mishale za kuonyesha nguvu ya sauti, vitufe vilivyojipanga kwa utulivu, na juu yake hukaa rili mbili kubwa za alumini, yaani magurudumu ya kukunjia tepu ya sauti, ambazo zikifungwa zinapita kingo za sanduku kushoto na kulia. Kila ninapoitazama naona kwamba aliyeichora alimheshimu atakayeitumia. Mashine ni mbovu, beliti imekatika, kwa hiyo suala si sauti bali ni mwonekano. Ukuta upakwe rangi gani, na taa imulike kutoka upande gani? Fundi na seremala wanaanza Jumamosi na mimi silali vizuri, hivyo naomba msaada wa haraka.

MchorajiWaMikindani
Dada, usipake rangi nyeupe. Uso wa alumini iliyosuguliwa kwa mistari myembamba hupotea kwenye ukuta mweupe, lakini ukiuweka juu ya kijani iliyokolea au rangi ya udongo wa mfinyanzi utaonekana tangu mlangoni. Taa isitoke mbele, kwa sababu itaugeuza uso wote kuwa mng'ao mmoja. Iweke ubavuni na juu kidogo, ili mapengo matatu ya kila rili yatupe vivuli ukutani.

Niongeze jambo ambalo watu wengi hulipita. Tangu kampuni ya Kijerumani ya AEG ilipoonyesha rekoda yake ya tepu, Magnetophon, mjini Berlin mwaka 1935, wachoraji wa mashine hizi walikabiliwa na kitu kisichofichika: tepu lazima itoke kwenye rili moja, ipite mbele ya hedi, yaani vichwa vya kurekodi na kusoma sauti, ivutwe na mhimili mwembamba wa chuma, kisha ijikunje kwenye rili ya pili, na mtumiaji lazima aipitishe njia hiyo kwa vidole vyake. Redio inaweza kufungiwa ndani ya kasha zuri na hakuna atakayejua kinachofanyika humo, ila rekoda ya rili imebeba kazi yake usoni. Kwa hiyo mchoraji hodari hakutafuta pambo la kuongeza, alitafuta nafasi ya kuipa kazi hiyo. Na ukutani si pageni: Dieter Rams, mchoraji wa vyombo wa kampuni ya Kijerumani ya Braun, aliichora rekoda ya Braun TG 60 katika miaka ya 1960 ili iweze kutundikwa ukutani pamoja na redio na spika zake.

MstaafuWaStudio
Umenikumbusha mbali, binti yangu. Nilifanya kazi ya ufundi wa sauti redioni kwa miaka mingi, na vyombo hivi ndivyo vilivyonilea. Watu husema vinapendeza, lakini sisi tulipenda kwamba kila kitu kilikuwa mahali mkono unapotarajia kukikuta. Hedi zilikaa wazi, au nyuma ya kifuniko kinachofunguka kwa kidole kimoja, kwa sababu tulizisafisha kwa spiriti na pamba kabla ya kazi. Mzungumzaji akikohoa, tuliirudisha tepu kwa mikono huku tukisikiliza sauti ikinguruma kinyumenyume, tukatia alama kwa penseli ya nta mahali kikohozi kilipoanzia na kilipoishia, tukaikata kwa wembe kwa mshazari na kuiunga kwa utepe maalumu. Katika kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, kikohozi cha sekunde moja ni kipande cha sentimita 38, unakishika mkononi na kukitupa.

Hiyo mishale ya mita nayo ina historia. Kipimo hicho cha kiwango cha sauti, VU, kiliwekwa Marekani mwaka 1939, na mshale wake uliamriwa uwe mzito kidogo, uchukue kama sehemu tatu za kumi za sekunde kupanda, ili ufuate uzito wa maneno badala ya kurukia kila mlio. Ndiyo maana macho hayachoki kuutazama.

KakaNgamiani
Mimi ushauri wangu ni mfupi: andika kibao chini yake, maana wateja wa hapa kwetu wataiona na kuuliza kama hilo jiko la gesi la plate mbili linauzwa. Mengine nawaachia wataalamu.

ShangaziWaPangani
Mwanangu, nimesoma swali lako mara ya pili na kuna jambo halijakaa sawa. Kama mashine ni mbovu na kazi yake ni kutazamwa tu, seremala namwelewa, ila fundi wa umeme anakuja kufanya nini Jumamosi?

BintiChumbageni
Shikamoo Shangazi. Sikutaka kuwachosha kwa maelezo, lakini kwa kuwa umeuliza nitasema. A77 ina uzito wa takriban kilo 15, na sitaki ining'inie juu ya vichwa vya watu. Fundi ataondoa transfoma, mota zote tatu na mabodi ya ndani, abaki na uso na sanduku. Kisha ataweka kimota kidogo kitakachozungusha rili zote mbili polepole, na nyuma yake spika isiyo na waya itakayopiga muziki kutoka kwenye simu. Vifaa vya ndani atavichukua yeye kama sehemu ya malipo, na nusu ya fedha nimeshampa. Sioni ubaya wowote. Mteja ataona uso uleule na rili zikizunguka. Hakuna anayekuja kunywa kahawa ili akague transfoma.

MchorajiWaMikindani
Hapo dada tunaachana. Ukizizungusha rili zote mbili kwa mwendo mmoja utakuwa umeondoa jambo zuri kuliko yote. Tepu husafiri kwa kasi isiyobadilika, sentimita 19 kwa sekunde, kwa hiyo mwendo wa kila rili unategemea imebeba tepu kiasi gani. Rili ya sentimita 26.5 ikiwa imejaa huchukua zaidi ya sekunde nne kumaliza mzunguko, na ile iliyo karibu tupu haifikishi sekunde mbili. Kadiri muziki unavyoendelea, ya kushoto inakonda na kuongeza mwendo, ya kulia inanenepa na kupunguza, na katikati ya kanda kuna muda mfupi zinapokwenda sawa kabla hazijapishana. Tepu ya mita 1,100 hufanya safari hiyo kwa zaidi ya saa moja na nusu, nawe ukiinua macho wakati wowote unajua umefika wapi. Mtu asiyejua chochote kuhusu mashine atahisi kwamba mzunguko wa kimota ni wa uongo, hata kama hataweza kusema kwa nini.

MtuWaMakumbusho
Naomba nimtetee mwenye uzi, kwa sababu mnamhukumu kana kwamba kutazama tu ni dhambi. Kazi za Braun alizochora Rams zimo katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, na wageni hawaendi pale kuzisikiliza. Zimezimwa, zimekaa kimya chini ya taa, na watu wanauona uwiano wake, nafasi kati ya kitufe na kitufe, na jinsi rangi moja ndogo ilivyotumika mahali pamoja tu. Umbo zuri linaweza kusimama peke yake. Rekoda ya Nagra III ya Stefan Kudelski, ya mwaka 1958, ilitengenezwa kwa ajili ya waandishi na watu wa filamu waliohitaji chombo cha kubeba begani, hakuna aliyeikusudia iwe pambo, na hata hivyo ukiiweka mezani bila betri huwezi kuondoa macho. Ninachokataa mimi ni kuondoa vya ndani. Nyumba za makumbusho huzima chombo, haziking'oi matumbo.

MchunguziHuru
Ndugu wanajukwaa, mnajadili kwa moyo safi, lakini mimi nina mashaka. Mwenye uzi ameanza kwa kusema mashine ni mbovu kwa sababu beliti imekatika. Baadaye amesema mwenyewe kwamba ina mota tatu. Katika A77 kila rili ina mota yake, na ya tatu ndiyo mhimili unaovuta tepu. Hakuna beliti hata moja katika njia hiyo. Beliti ipi basi iliyokatika? Akaunti yake ni mpya, maelezo yake ya urembo yamepangwa vizuri mno, na wiki ijayo huenda tukaona tangazo la Revox inayouzwa Tanga baada ya sisi kumpandishia bei. Ninaamini kisa hiki kimetungwa.

KakaNgamiani
Nilijua! Jiko linauzwa!

BintiChumbageni
Ndugu Mchunguzi, siuzi kitu na sijatunga kitu. Beliti iliyokatika ni ile ndogo ya mpira inayozungusha namba za kaunta, kile kihesabu tepu kilichopo usoni. Fundi alipoiwasha, rili zilizunguka, mishale ikacheza na sauti ikatoka. Namba tu ndizo zilizobaki palepale. Chombo cha umri huu kisichohesabu tepu mimi nakihesabu kuwa kibovu, na kukitengeneza kikamilifu kutanigharimu kuliko meza zote za mkahawa.

MchunguziHuru
Beliti ya kaunta ipo kweli, na mtu anayebuni kisa asingeifikia kwa urahisi. Ninaondoa tuhuma ya kutunga. Hata hivyo, sasa umetuambia kwamba chombo kinachofanya kazi kinakwenda kung'olewa mota Jumamosi.

ShangaziWaPangani
Na mimi nauliza la mwisho, mwanangu, unijibu kwa utulivu. Mashine ni ya nani?

BintiChumbageni
Ni ya mama mkwe. Marehemu baba mkwe alikuwa baharia, aliinunua Hamburg, na mama ameileta kwangu pamoja na vyombo vyake vingine wakati nyumba yake ya Pongwe inaezekwa upya. Ilikuja na rili tatu zilizoandikwa kwa kalamu ya wino majina ya bandari: Mombasa, Aden, Hamburg. Hajaigusa kwa miaka. Mume wangu anasema mama hatajali, na mimi ninaamini akiiona ikiwaka kwenye ukuta mzuri, mbele ya watu wanaoisifu, atafurahi kuliko ilivyokuwa chini ya kitambaa sebuleni kwake.

ShangaziWaPangani
Hiyo ni amana, mwanangu. Mama mkwe amekukabidhi vyombo uvihifadhi, na kuhifadhi hakumpi mtu ruhusa ya kulipa mafundi kwa vipande vya mali ya mwenziwe. Huenda kweli asijali. Mpigie simu akuambie mwenyewe, wala usimtume mumeo, kwa sababu mtoto akiulizwa kuhusu mali ya mama yake hujibu kama mrithi.

MstaafuWaStudio
Binti yangu, mengine Shangazi amemaliza, mimi nakuomba mambo mawili ya kiufundi. La kwanza, usiiwashe tena mpaka fundi abadilishe kapasita za zamani, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme kwa muda, hasa zile zenye karatasi ndani. Hupasuka kwa umri, unyevu unaingia, na siku moja mkahawa wako utajaa moshi wenye harufu mbaya. Ni vifaa vidogo na gharama yake haikaribii hiyo unayoiogopa. Beliti ya kaunta nayo ni kipande cha mpira tu.

La pili ni zile rili tatu. Usizipige ili kujaribu mashine. Hewa ya pwani ni mbaya kwa tepu. Baadhi ya zile za miaka ya 1970 gundi yake hunyonya unyevu, ikawa inanata na kubanduka juu ya hedi kama masizi, na ukilazimisha unaiacha sauti yote pale kwenye hedi. Tepu ikilia kama mlango mbovu inapopita, au ukikuta uchafu mweusi kwenye hedi baada ya muda mfupi, simamisha papo hapo. Kwa mkahawa tumia tepu nyingine kabisa, yenye muziki uliorekodiwa leo.

BintiChumbageni
Nimewasoma wote. Nimemwambia fundi asilete bisibisi Jumamosi, na tumekubaliana ile nusu ya fedha iende kwenye kapasita na beliti badala ya kimota. Hakufurahi, maana alikuwa ameshamuahidi mtu zile mota. Mama mkwe nitampigia jioni, na akisema hapana nitatafuta kitu kingine cha ukutani. Bado nashikilia kwamba pale ukutani ndipo mahali pake, kwa sababu chombo chenye uso kama ule hakikutengenezwa kikae chini ya kitambaa. Kama akikubali, nitaiweka kwenye rafu badala ya kuitundika. Seremala anauliza vipimo na mimi sina.

MchorajiWaMikindani
Sanduku lina upana wa takriban sentimita 41 na kina cha kama sentimita 21. Ila usimpe seremala kipimo cha sanduku peke yake, kwa sababu ulisema mwenyewe kwamba rili kubwa zinapita kingo. Mwambie aache sentimita 60 bila ukuta wa pembeni wala nguzo, kina cha sentimita 30 ili waya za nyuma zipumue, na mbao nene iliyofungwa kwenye ukuta kwa vyuma vya pembe, si gundi. Urefu kutoka sakafuni uwe ule unaoziweka mita mbele ya macho ya mtu aliyekaa. Na iwe mbali na mashine ya kahawa, kwa sababu ya mvuke.

KakaNgamiani
Na kibao bado nakipendekeza.