Naomba ushauri: kuwapeleka watoto Berlin kumwona mjusi wa Tendaguru

Habari zenu wapendwa. Tunaishi Leipzig, na likizo hii tunataka kuwapeleka watoto, wa miaka 4 na 9, Museum für Naturkunde, yaani makumbusho ya historia asilia, kule Berlin. Mkubwa anataka kumwona yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mifupa yake imesimamishwa, inapita mita 13 kwenda juu. Baba yangu ni mtu wa Lindi, hivyo safari hii ina uzito kwangu. Nataka wajue kwamba ni wazee wetu walioibeba mifupa ile kwa miguu hadi bandarini. Nimwelezeje mtoto wa miaka 9 habari za ukoloni bila kumharibia furaha? Mdogo naye huchoka upesi. Mliokwenda na watoto, masaa mawili yanatosha? Asanteni.