X ya Houston, X ya Jangwani

Kikundi: UKOO WA BIBI MWANAIDI

Jumamosi, saa 1:04 asubuhi

Hemedi Houston: Shikamooni wakubwa. Huku ni saa tano usiku ila usingizi hauji kwa furaha. Nimepata barua, nyumba yangu imetolewa kwenye eneo la mafuriko. Sasa iko X 🎉🎉

Shangazi Zai: Marahaba baba. X?? Nani kakuwekea X? Mnahama lini?

Rehema: 😂😂😂

Shangazi Zai: Rehema unacheka nini. Mimi Desemba 2015 niliamka pale bondeni nikakuta X nyekundu ukutani, rangi bado mbichi, inachuruzika. Hata chai sijanywa tingatinga hilo mtaa wa pili. Mwambie mwenzio aanze kufunga vyombo.

Hemedi Houston: Hapana shangazi 😂 X ya huku ni ya heri. Ramani za mafuriko za serikali zina kanda. Mimi nilikuwa AE, maana yake kila mwaka unaoingia nafasi ya kufurika ni 1 kwa 100. Ukiwa AE na nyumba ina mkopo wa benki, bima ya mafuriko ni lazima. Ukiwa X benki haikulazimishi.

Shangazi Zai: Sasa ni mto umehama au ni nyumba?

Hemedi Houston: Mto umepanuliwa. Brays Bayou, ule niliowatumia picha mkasema mbona mtaro. Wamepanua kilomita 34, madaraja 32 yamejengwa upya au kurekebishwa, na wamechimba mabwawa 4 makubwa ya kushikilia maji ya mvua. Dola milioni 480, wakamaliza 2022. Maji hayapandi tena kama zamani, ndiyo maana ramani nayo inarekebishwa.

Juma: Bima unalipa ngapi bro

Hemedi Houston: Kama dola 1,100 kwa mwaka

Juma: Karibu milioni tatu!! Kata kesho asubuhi. Paa la bibi linavuja hadi kwenye kabati la vyombo.

Hemedi Houston: Ndicho nilichokuja kusema. Nikikata, mabati ya bibi juu yangu.

Mama Hemedi: Mungu akuzidishie mwanangu 🙏🏾

Ba' Mkubwa: Hongera. Swali moja tu. Hiyo ramani imepigiwa mvua ya mwaka gani?

Hemedi Houston: Shikamoo Ba' Mkubwa. Hapo sijakupata.

Ba' Mkubwa: Marahaba. Ramani ya mafuriko haichorwi mto ukiwa mtupu. Mnapima mto ulivyo baada ya kuchimbwa: upana, kina, kimo cha kila daraja. Mkishamaliza mnaumwagia mvua ndani ya kompyuta. Maji yanapokomea ndipo mstari unapopita. Mto wenu ni mpya, sina ubishi. Mvua je?

Juma: Ba' Mkubwa kastaafu upimaji, upimaji wenyewe haujamstaafu 😂

Ba' Mkubwa: Wewe nenda kazibe paa.

Jumamosi, saa 3:10 asubuhi

Hemedi Houston: Nimesoma barua na viambatisho vyote. Mvua ni ya zamani. Inchi 13 hivi kwa saa 24. Halafu mwaka 2018 ilitoka hesabu mpya ya mvua za Texas, na kwa Houston ikapanda hadi kwenye 16, 17, kuna sehemu 18. Iliyokuwa ikiitwa mvua ya miaka 100, yaani ile ya nafasi 1 kwa 100 kila mwaka, sasa wanasema ni kama ya miaka 25. Kaunti inachora ramani nyingine nzima kwa mvua hiyo mpya. Barua yangu imerekebisha mto tu.

Ba' Mkubwa: Basi una mto wa leo na mvua ya juzi.

Rehema: Kwani kile kimbunga Harvey cha 2017 kilifuata ramani?

Hemedi Houston: Wapi! Kaunti yetu nyumba zaidi ya 154,000 ziliingia maji, na katika kila 100, kama 68 zilikuwa nje ya hiyo kanda ya 1 kwa 100. Jirani yangu wa kona alikuwa X. Mimi bima ilinilipa, yeye hakuwa nayo. Tulimsaidia kukata kuta za jasi futi nne kutoka chini, nyumba nzima, na ndani ya ukuta kulikuwa na tope na viatu vya mtoto. Sijui viliingiaje.

Mama Hemedi: Ya Rabi

Shangazi Zai: Hapo ndipo nawapendea wale wanafunzi waliopita mitaani kwetu na simu zao, wale wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar. Walinikuta kwenye chumba nilichopanga nje ya bonde, hawakuniuliza mstari. Waliniuliza, mama, maji yalikufika wapi? Nikawaonyesha kwenye fremu ya mlango, chini ya kitasa.

Juma: Na huku Dar mto Msimbazi unapanuliwa, na daraja jipya la Jangwani. Kijiweni Kigogo washasema mto ukichimbwa watarudi kujenga mabondeni.

Shangazi Zai: Warudi. Mimi simo.

Jumapili, saa 6:22 usiku

Hemedi Houston: Nimempigia wakala wa bima. Kumbe siku hizi bei ya bima ya serikali haiangalii kanda kabisa! Inaangalia nyumba yenyewe, umbali wake na maji, kimo cha sakafu. Kwa hiyo AE au X nalipa ileile, kilichoondoka ni lazima ya benki tu. Na nikikata halafu nikajuta, nasubiri siku 30 ianze kufanya kazi, tena kwa bei kamili, unafuu wa wateja wa zamani ushakwenda. Msimu wa vimbunga unafunguliwa tarehe 1 Juni.

Ba' Mkubwa: Umeamuaje?

Hemedi Houston: Bima inabaki.

Juma: Na mabati??

Hemedi Houston: Nusu mwezi ujao, nusu Oktoba.

Rehema: Bibi yuko hapa, kasema niwaandikie. Nusu hiyo iwe geji 28. Geji 30 ni nyembamba, mvua ikipiga hasikii redio.