Jenereta mbili zinagombania mzigo, moja inatupwa na rivasi pawa, msaada wakuu

Mbanguaji_Masasi:
Wakuu habari za saa hizi. Niko Masasi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, tuna jenereta mbili za dizeli, moja KVA 250 nyingine KVA 150, zote gavana (kidhibiti cha spidi ya injini) za elektroniki, rpm 1500. Msimu ndo huu mzigo umepanda tunataka zipige kazi pamoja. Kila moja ikiwa peke yake imetulia 50 Hz haichezi hata kidogo, ila tukisinki (kulinganisha umeme wa zote mbili) na kufunga breka ya pili inakuwa vurugu, mzigo unahama hama, kubwa inafika kilowati 150 huku ndogo inashuka mpaka sifuri halafu inaingia hasi, breka yake inajitupa kwa rivasi pawa (kinga inayokata umeme ukirudi kinyume kwenye jenereta). Kompresa ikianza ndo kabisa. Aliyezifunga aliweka gavana zote aisokronasi, na kati ya paneli hakuna waya wowote wa kugawana mzigo. Kuna mtu ananiambia nizime hiyo rivasi pawa eti zitazoeana. Nianzie wapi?

FundiMikindani:
Mkuu rivasi pawa usiiguse kabisa! Ukiizima, jenereta inageuka mota, inazungushwa na umeme wa mwenzake huku injini haifanyi kazi yoyote, utaua mashine msimu haujafika nusu.

Tatizo umeshalitaja mwenyewe. Aisokronasi maana yake gavana inang'ang'ania 50 kamili mzigo uwe mdogo au mkubwa. Sasa mbili zisizowasiliana haziwezi kukubaliana 50 ni ipi, tofauti ya nukta tu inatosha, moja inaongeza dizeli mpaka mwisho nyingine inapunguza mpaka mwisho. Manahodha wengi chombo huenda mrama.

Ziweke zote drupu 4%, yaani gavana inaruhusu spidi ishuke kidogo kadiri mzigo unavyopanda. Kila moja ikiwa haina mzigo iseti 52 Hz, ikibeba mzigo wake kamili itashuka yenyewe hadi 50. Yako ya KVA 250 kwa pawa fakta (sehemu ya KVA inayofanya kazi halisi) 0.8 ni kilowati 200, ndogo ni 120, jumla 320. Mzigo ukiwa 160 zote zitakaa kwenye 51 Hz, kubwa itabeba 100 ndogo 60, kila moja nusu ya uwezo wake, bila waya wowote kati yao. Hesabu ndo hiyo.

Koili_Nachingwea:
Naongezea kwa fundi hapo juu, asilimia ya drupu lazima ifanane. Ukiacha moja 2% na nyingine 4%, ukaziseti ili zote zifike 50 Hz kwenye mzigo kamili, basi zikiwa na mzigo nusu hazitalingana, na kila kompresa inapoanza ile ya 2% ndo inarukia sehemu kubwa. Na kabla ya kushika gavana angalia filta ya dizeli na ile linki ya akchueta (mkono unaoongeza na kupunguza dizeli) kama ipo, ikikwama kwa vumbi na mafuta utaseti mpaka usiku haitakaa.

Kuna njia nyingine, kubwa ibaki aisokronasi ndogo iwe drupu. Hz inabaki 50, ndogo inabeba kilowati ulizoipangia na kubwa inapokea kupanda na kushuka kote. Ila jioni mitambo ikizimwa mzigo ukashuka chini ya hizo kilowati za ndogo, inayosukumwa kinyume sasa ni kubwa. Kwa kiwanda kama chako mi ningebaki na drupu zote mbili.

Mbanguaji_Masasi:
Wakuu Mungu awabariki! Drupu 4% zote, mzigo kama 160 kubwa inasoma 101 ndogo 58, Hz 51, kompresa inaanza zinashuka pamoja zinapanda pamoja. Ila ampea sizielewi, kubwa 154 ndogo 150, wakati ndogo inabeba kilowati karibu nusu ya mwenzake??

Koili_Nachingwea:
Hapo gavana imemaliza kazi yake mkuu, sasa ni AVR, kidhibiti cha volti. Kilowati zinaamuliwa na dizeli, KVAR (umeme wa kutengeneza sumaku za mota, usiofanya kazi halisi) zinaamuliwa na eksaiteshen, yaani nguvu ya sumaku ndani ya jenereta. Ndogo yako volti iko juu kwa hiyo inabeba sehemu kubwa ya KVAR zote, pawa fakta yake hapo ni kama 0.56 na ya kubwa 0.95. Pima volti za zote bila mzigo kwa mita ileile moja, zilingane 400, kisha cheki CT ya drupu ya AVR (transfoma ndogo ya kupima ampea, inayoifanya AVR ishushe volti kidogo KVAR zikipanda). Iendeshe ndogo peke yake na mota kadhaa, volti zinatakiwa zishuke kidogo, zikipanda ujue CT imefungwa kinyume. Zima injini kabisa ndo ubadilishe S1 na S2 (nyaya mbili za CT), maana ukiifungua CT ikiwa na mzigo inatoa volti za kuua mtu. Ukimaliza weka pawa fakta za zote mbili hapa, hiyo ndogo ikibaki chini ya 0.7 tuangalie drupu ya AVR imesetiwa ngapi.