Mrejesho: limen, hormos na salos si kitu kimoja

Wakuu, niliuliza kwa nini tafsiri za Wagiriki wa kale huandika "bandari" kila mahali, kana kwamba walikuwa na neno moja tu. Asanteni sana, hasa aliyenielekeza kwenye habari za Muza, pwani ya Yemen, katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa safari za baharini na biashara, cha karne ya 1.

Mwandishi anasema Muza haina limen, yaani bandari iliyokingwa, ila chini ni mchanga, nanga inashika vizuri. Na bado anaiita emporion, yaani mji wa soko! Kumbe emporion ni habari ya biashara, haihusu umbo la pwani. Hormos ni pa kutia nanga. Salos ni pa kutia nanga kwenye bahari wazi, chombo kikiyumba na mawimbi. Epineion ni bandari ya mji ulio mbali kidogo na maji, kama Piraeus kwa Athens.

Kwa hiyo Rhapta, emporion ya mwisho ya Azania, pwani yetu hii, nimeacha kuiwazia magati. Jina lake limetokana na mashua za kushonwa, na mimi naona mitepe imepwelewa mchangani, watu wakipatana bei za pembe.