Visu viwili vya kiwandani, makali hayalingani pande zote: nichukue kipi?

Mgahawa_Tanga
Wanajukwaa, salaam. Ndugu yangu yuko Kariakoo na anarudi Tanga Jumamosi. Amenitumia picha za visu viwili ambavyo muuzaji amekubali kutuwekea: kimoja ni kinene, bei yake shilingi 28,000, na kingine ni chembamba cha shilingi 45,000. Vyote vimetoka kiwandani, lakini nilipozikuza picha niliona kwamba mteremko wa makali, yaani ule ukanda ulionolewa kushuka hadi kwenye makali, ni mpana upande mmoja, ilhali upande wa pili ni mwembamba kama uzi. Kwenye kile kinene tofauti hiyo imezidi. Naomba ushauri kabla hajalipa.

Fundi_Kinoo
Ndugu, hujatuambia utakata nini, unashika kisu kwa mkono gani, wala nani atakayekinoa. Tena hukusema kama upana huo ni ule ule tangu karibu na mpini hadi kwenye ncha, au unapanuka na kupungua njiani, na hilo ndilo ningetaka kulijua kabla ya mengine yote.

Upana peke yake unadanganya. Kisu chenye unene wa nusu milimita juu kidogo ya makali, kikinolewa kwa nyuzi 20 kila upande, hupata mteremko wa takriban milimita 0.7, kwa nyuzi 15 mteremko huo hukaribia milimita 1. Kwa hiyo upande mpana huenda umenolewa tu kwa pembe ya kulala zaidi, jambo ambalo utalisawazisha kwenye kinoo kidogo kidogo, au huenda ubapa wenyewe ulisagwa vibaya ukabaki mnene upande huo, na hapo kinoo cha nyumbani hakitakusaidia.

Binti_Pangani
Mimi katika kila uzi wa visu nasema lile lile, na leo nalirudia: tafuta Victorinox ya mpini mweusi wa plastiki, uachane na kubahatisha. Chuma chake si kigumu sana, kwa hiyo kinakubali kunolewa upesi.

Mzee_wa_Bucha
Dada yangu, bei ya hicho kimoja inanunua visu vitatu vya mhunzi vilivyofuliwa kutokana na springi ya gari. Changu kina miaka tisa, na mteremko wake naupanga mwenyewe.

Binti_Pangani
Shikamoo mzee. Kisu hicho kinashika kutu usiku mmoja tu kikilala na maji ya chumvi, na mwenzetu yuko Tanga, pengine anapasua samaki.

Jiko_la_Mvita
Wakati tukimsubiri mwenye uzi, naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu yeye anatazama upana wakati hatari imejificha kwingine.

Nilinunua kisu cha kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Kilikuwa kikali kutoka kwenye boksi, na mteremko wake ulikuwa mzuri kwa kuutazama. Nisichokiona ni kwamba ubapa, kiasi cha vidole viwili kutoka kwenye mpini, ulikuwa umesagwa kupita kiasi, ukawa na bonde dogo. Mwanzoni bonde hilo halikugusa makali. Nilipoendelea kunoa mwaka mzima, makali yalipanda hadi yakalifikia, na hapo pakatokea pengo ambalo halifiki kwenye ubao. Nikikata vitunguu vya kachumbari, vipande vilibaki vimeshikana kama shanga, nami nikadhani nimezeeka mkono. Nikampa kijana wa cherehe anayepita mtaani na baiskeli yake. Alikibana kwenye jiwe kavu bila maji, cheche zikaruka, na kiliporudi makali yalikuwa na rangi ya buluu karibu na ncha. Chuma kilikuwa kimekufa: nakinoa asubuhi, adhuhuri ni butu. Sasa nafungulia nazi zilizovunjika.

Mzee_wa_Bucha
Usiwalaumu vijana wa cherehe wote. Wa kwetu ana kopo la maji, na anachovya kila baada ya mpito mmoja.

Msomaji_Muscat
Mbona Wajapani hutengeneza kwa makusudi visu vya samaki vyenye mteremko upande mmoja tu? Kutolingana si kasoro.

Fundi_Kinoo
Yanagiba ni kisu cha namna hiyo, na wanaotumia mkono wa kushoto hutengenezewa chao. Kule mteremko umepangwa na upande wa pili una kibonde chepesi kilichokusudiwa. Katika visu vingi vya bei ya chini, makali ya mwisho hutiwa kwa mkono kwenye mkanda wa msasa au jiwe linalozunguka, na mfanyakazi akikandamiza zaidi upande mmoja, unapata hicho ulichokiona pichani.

Msomaji_Muscat
Basi anunue cha Solingen, mji wa visu kule Ujerumani, jina hilo linalindwa na sheria ya nchi hiyo tangu 1938.

Fundi_Kinoo
Sheria hiyo inalinda jina la mji. Haisimami nyuma ya kila mfanyakazi anayenoa.

Mgahawa_Tanga
Samahani kwa kuchelewa. Napasua samaki, changu na kolekole, na mboga kidogo. Nanoa mwenyewe kwa kinoo. Na mimi ni mashoto, sikujua kama hilo linahusika. Ndugu yangu amekagua upya: kinene kina tofauti ile ile kuanzia mpini hadi ncha, na upande mpana ni wa kulia. Chembamba kina kama kivuli karibu na mpini.

Jiko_la_Mvita
Kivuli hicho ndicho bonde langu! Kiache dukani.

Fundi_Kinoo
Huenda ni mwanga tu. Aweke rula juu ya ubapa atazame kama mwanga unapenya chini yake. Kinene kinarekebishika, ila mteremko mpana wa kulia husukuma kisu kuelekea kushoto, na wewe mashoto vipande vinaangukia upande huo huo, kwa hiyo utakuwa unapigana nacho hadi uuhamishe mteremko huo upande wa kushoto.

Binti_Pangani
Na kinene kwa samaki? Utachana minofu.

Mgahawa_Tanga
Muuzaji ameleta cha tatu, cha mpini wa mbao. Picha naziweka jioni.

Fundi_Kinoo
Safari hii apige picha kutokea kwenye ncha, makali yakielekea dirishani.