Tasnifu ya riwaya ya vita: nadharia ya kiwewe, mazingira au fasihi simulizi?

Msomaji_Gulu: Hamjambo ndugu zangu. Naandaa pendekezo la uzamili kuhusu riwaya ya Goretti Kyomuhendo ya mwaka 2007, Waiting, ile inayosimulia Hoima, Uganda, mwaka 1979, askari wa Amin wakikimbia na wa Tanzania wakiingia. Msimamizi anataka mhimili mmoja wa nadharia. Ipi itanifaa?

KalamuYaArua: Chukua kiwewe. Mhakiki Cathy Caruth alieleza mwaka 1996 kwamba pigo zito halishikiki akilini linapotokea. Humrudia mtu baadaye, katika ndoto na marudio asiyoyataka. Ndiyo maana wahakiki wake huchunguza mapengo, ukimya na wakati uliovurugika. Marejeo yamejaa, hutakwama.

BintiMasindi: Ndugu Kalamu, hapo napinga. Caruth anaanzia kwa Freud, yule mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi: pigo moja, nafsi moja, kisha ukimya. Katika riwaya hii pigo moja liko wapi? Jioni watu wanatoka nyumbani kwenda kujificha, asubuhi kazi za nyumbani zinaendelea. Hofu imeingia kwenye ratiba ya siku. Tena Alinda, binti anayesimulia, anaongea vizuri tu, na majirani wamejaa ndani ya masimulizi yake. Ukimgeuza bubu ili nadharia itimie, unamdhulumu. Msome mhakiki Stef Craps, kitabu chake cha 2013: anaonyesha jinsi nadharia hii ya kiwewe ilivyofanya mang'amuzi ya Ulaya na Marekani kuwa kipimo cha dunia nzima, ikasahau mateso ya muda mrefu kama ya ukoloni na ubaguzi. Mimi ningeanza na Craps, Caruth nimlete kama mtu wa kujibizana naye.

Mvule: Mimi ni mtu wa mazingira, lakini sitakudanganya. Hoja ya Rob Nixon (2011) kuhusu uharibifu wa mazingira kama ukatili unaoua polepole ingefaa maandishi ya Hoima ya leo, Hoima ya mafuta. Kwa riwaya inayosimulia vita vya 1979 utakuwa unalazimisha.

MwalimuMstaafu: Wanangu, msikisahau Chuo Kikuu cha Makerere. Mhakiki wetu Pio Zirimu alipotetea sanaa ya mdomo kama fasihi kamili, alitufundisha kuuliza nani anasema, mbele ya nani, na nani anamwitikia. Uliza hayo kwa Alinda. Anapokaa na wakubwa, nani anaruhusiwa kutaja kifo? Kiwewe cha jamii utakiona hapo, katika mgawanyo wa maneno.

Msomaji_Gulu: Asante sana Mwalimu. Je, niongeze ushuhuda wa watu walioathiriwa na vita vya waasi wa LRA huku kaskazini mwa Uganda? Mjini Kitgum kuna kituo cha kumbukumbu za vita hivyo.

MwalimuMstaafu: Usichanganye, mwanangu. Hiyo ni vita nyingine, na watu walio hai wanahitaji kibali cha maadili na muda wa kuzoeana. Iweke kwa uzamivu.

BintiMasindi: Naungana na Mwalimu. Dada au kaka, anza na matukio ya usiku tu. Andika kurasa kumi kabla ya kutaja nadharia yoyote, kisha mpelekee msimamizi.